Mkanda wa gitaa wa ngozi: zawadi inayobeba riziki ya mtu

Leo tuzungumzie bidhaa moja tu, mkanda wa gitaa wa ngozi wenye nakshi za mkono. Najua wengi wenu hamuuzi ngozi. Ila somo nililopata kwenye mkanda huu linamhusu kila anayetengeneza zawadi kwa oda, iwe keki, fremu, mkoba au chochote. Mie limenigharimu, nyie lichukueni bure.

Nina kijiduka Mji Mkongwe. Nauza makubadhi, mikoba midogo na mikanda ya suruali, nusu ya wateja wanapita mlangoni na nusu wananipata mtandaoni. Skuli niliishia kidato cha nne. Kazi ya ngozi nimejifunza kwa kukaa pembeni ya mafundi viatu pale Darajani nikiangalia mikono yao, halafu nyumbani nikaharibu ngozi mpaka nikaacha kuharibu.

Mjomba wangu anapiga gitaa kwenye mahoteli ya Nungwi na Paje. Miaka yote gitaa lake lilikuwa linaning'inia kwa mkanda wa begi la safari, ameufunga kwa kamba. Nikasema ngoja nimshtukize, nimtengenezee wa kwake. Nikakaa siku tatu. Nikagonga maua kama yale ya milango yetu, nikaandika jina lake katikati, nikapaka rangi ya kahawia iliyokolea. Nikapiga picha, nikaziweka mtandaoni kabla hata yeye hajauvaa. Watu wakapenda. Oda mbili zikaingia usiku ule ule.

Ijumaa akauvaa kazini. Wimbo wa pili haujafika katikati, upande wa nyuma ukachomoka. Gitaa likaenda chini kwenye sakafu ya saruji, ubavu ukapasuka. Na mie nimekaa meza ya mbele na simu, narekodi.

Mjomba hakunigombeza. Aliliokota, akaligonga kwa kidole kusikiliza, akafungua mfuko wa gitaa akatoa ule mkanda wake wa begi. Akaufunga, akamaliza usiku mzima na gitaa lililopasuka, maana hela ya usiku ule ndo chakula cha nyumbani. Tuko kwenye daladala tunarudi mjini akanambia, "Mwanangu, maua yako mazuri. Ila gitaa halining'inii kwenye maua, linaning'inia kwenye tundu."

Fundi wa gitaa nilimlipa mie, shilingi 70,000. Zile oda mbili nikazisimamisha. Nikarudi kujifunza upya, safari hii nikaanzia kwenye tundu.

KOSA LILIKUWA WAPI

Nilikosea mara mbili, na kote mahali ambapo picha haionyeshi.

La kwanza ni mpasuko. Gitaa lina vifungo vya chuma vya kushikia mkanda, kimoja chini kabisa kwenye tako la gitaa na kingine karibu na shingo. Kila kifungo kina kichwa kipana na kishingo chembamba. Kwa hiyo ncha ya mkanda inakuwa na tundu dogo la duara la kukalia kile kishingo, na mpasuko mfupi unaosaidia kichwa kupita. Mie nilichana mpasuko kuelekea kwenye ncha ya mkanda. Sasa fikiria gitaa likining'inia. Mkanda unavutwa juu begani, kifungo kinavuta kwenda kwenye ncha. Yaani kila mjomba alipojitikisa, kifungo kilikuwa kinajisukuma chenyewe ndani ya mpasuko. Mpaka kikatoka.

Mpasuko unatakiwa uelekee upande wa bega. Hapo uzito wote unakaa kwenye ukingo mzima wa tundu, na mpasuko unabaki nyuma haubebi kitu. Ni sentimita moja tu ya kisu, lakini ndo tofauti ya mkanda unaoshika na mkanda unaoangusha.

La pili ni ubahili. Katikati, penye maua, niliweka ngozi nzuri ngumu. Vichwa viwili vya mwisho nikashonea vipande laini vilivyobaki kwenye mkoba, nikijua hakuna atakayeviangalia. Ngozi laini ikibeba uzito inavutika, na tundu likivutika linakuwa mdomo. Nilibana matumizi pale pale panapobeba mzigo.

KABLA HUJAKATA, MUULIZE MTEJA

Anayenunua zawadi mara nyingi hapigi gitaa yeye. Anajua tu mume wake au kaka yake anapenda muziki. Kwa hiyo wewe ndo umsaidie kujua. Mie nauliza haya:

1. Gitaa ni la umeme au la mbao la kawaida? La umeme mara nyingi ni zito zaidi, linaweza kufika kilo 4 na kidogo. La kawaida ni kama kilo 2.

2. Lina vifungo viwili au kimoja? Magitaa mengi ya kawaida yana kifungo cha chini tu. Hapo upande wa pili unafungwa kwa kamba juu ya shingo, karibu na vile visu vya kukazia nyuzi. Kwa hiyo mkanda unahitaji kamba ya ngozi ya ziada. Mwambie mteja akupigie picha ya gitaa kwa siri. Wanaifurahia hiyo kazi.

3. Mwenyewe ana urefu gani, na anapenda gitaa likae kifuani au kiunoni?

4. Jina linaandikwaje? Aliandike kwa herufi zake mwenyewe kwenye meseji, usiandike kwa kusikia. Salma na Salama ni watu wawili.

5. Siku ya kukabidhi ni lini? Sio "wiki ijayo". Tarehe.

NGOZI GANI

Nakshi haikai kwenye kila ngozi. Ngozi nyingi laini za mikoba zimesindikwa kwa dawa za kromu. Ni nzuri, zinakunjika, zinavumilia maji, lakini ukizigonga alama inarudi juu kama godoro. Unayotaka ni ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti. Hiyo ikilowa kidogo inakuwa kama udongo wa mfinyanzi, unachobonyeza kinabaki.

Magome yenyewe sio kitu kigeni kwetu. Kule Njombe kuna mashamba ya miwati ya kampuni ya TANWAT, iliyoanza 1949, na magome ya mti huo ndo yanatolewa dawa ya kusindika ngozi.

Dukani usikubali maneno tu, jaribu. Bonyeza kwa ukucha, alama ibaki. Dondosha tone la maji upande wa juu, kama haijapakwa kitu inanyonya na panakuwa peusi kidogo. Angalia ukingo uliokatwa, ya magome mara nyingi ni kahawia hadi ndani, ya kromu mara nyingi katikati ina rangi ya buluu au kijivu. Unene wa milimita 3 unatosha. Ukitaka kuweka tabaka mbili kwenye vichwa, zote pamoja zisizidi milimita 4, la sivyo mkanda hautaingia chini ya kichwa cha kifungo.

Na angalia sehemu ya mnyama. Ngozi ya mgongoni imekaza, ya tumboni inavutika. Kata kwa urefu wa mgongo. Ya tumbo tengenezea kishika funguo.

KUKATA, TUNDU KWANZA

Mie nakata vipande viwili. Kipande kikuu kina urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 6. Huu upana ndo unaokaa begani, ukiwa mwembamba unakata bega. Halafu mkia wa sentimita 60, mwembamba wa sentimita 2.5, wenye matundu ya bizimu kama mkanda wa suruali ili mwenyewe arefushe na kufupisha. Mkia huo mwisho wake unatanuka, kichwa kiwe na sentimita 5, kwa sababu hapo ndo panakuja tundu. Chora kwanza kwenye boksi gumu, likate, jivalishe begani, ndo uende kwenye ngozi.

Ukishakata, usiguse maua. Toboa tundu:

1. Tundu la duara, milimita 8 hivi, likae sentimita 2 kutoka kwenye ncha. Tumia panchi ya mafundi viatu, sio kisu. Kisu kinaacha kona, na kona ndo inayoanza kuchanika.

2. Mpasuko wa sentimita 1, kuelekea begani. Mie saivi nachora mshale kwa penseli nyuma ya ngozi kila mara, hata nikiwa na uhakika.

3. Mwisho wa mpasuko toboa kitundu kidogo cha milimita 2. Kinazuia mpasuko usiendelee kuchanika wenyewe.

4. Jaribu kwenye gitaa la kweli. Kuingia kwake kuwe kwa shida. Kama unaingia kirahisi siku ya kwanza, mwezi wa tatu utatoka kirahisi.

Mteja kama ana wasiwasi na tundu la gitaa lake, omba kipimo cha kichwa cha kifungo. Vingi viko karibu milimita 13 au 14, lakini usibahatishe mali ya mtu.

NAKSHI

Hapa ndo raha yenyewe, ila usiharakishe.

Kwa mchoro sisi watu wa Unguja hatuna shida. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na milango yake peke yake ni kitabu cha michoro. Kuna maua, mnyororo, samaki, mtende. Mie natembea asubuhi kabla watu hawajajaa, napiga picha ya fremu za milango, narudi nachora kwenye karatasi. Mnyororo unakaa vizuri pembeni mwa mkanda kwa sababu ni mwembamba na unajirudia. Ua moja kubwa linakaa kifuani. Usijaze mkanda mzima. Pale begani paache wazi, nakshi za hapo hazionekani na zinasuguliwa na nguo.

Lowesha ngozi kwa sponji, sawasawa kila mahali, isidondoshe maji. Halafu subiri. Ikianza kurudi kwenye rangi yake ya kawaida lakini ukiigusa bado ya baridi, ndo wakati wake. Ukigonga ikiwa imelowa sana mchoro unavimba na kupotea. Ukigonga ikiwa kavu mchoro haushuki.

Weka karatasi yenye mchoro juu, pitisha kalamu isiyo na wino. Kisha kata mistari mikuu kwa kisu, nusu ya unene haitakiwi kufika, robo inatosha. Baada ya hapo gonga upande wa nje wa kila mstari ili ua linyanyuke.

Mihuri ya kugongea inauzwa, lakini mie nilianza na misumari mikubwa. Kata ncha, saga kwa tupa mpaka ipate umbo la jani, duara au mshazari, lainisha kwa msasa. Tahadhari moja tu: ngozi ya magome ikiwa na maji ikigusana na chuma chenye kutu inatoka doa jeusi, na doa hilo ni gumu kufutika. Futa misumari yako kabla ya kugonga, na usiache mkasi wala nyundo juu ya ngozi mbichi ukaenda kunywa chai. Mie niliacha mkasi. Mkanda ule nimeukata vishika funguo sita.

Jina liandike mwisho, na kwanza ligonge kwenye kipande cha kutupa. Herufi haina kufuta.

RANGI NA KINGO

Kausha kivulini, sio juani. Jua la saa saba linakunja ngozi kama samaki.

Paka rangi nyembamba mara mbili au tatu kuliko nzito mara moja. Ikikauka kabisa, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo usugue kwa nguvu. Kama kitambaa kimeshika rangi, bado hujamaliza, endelea kusugua na kufuta mpaka kitoke cheupe. Hapa kwetu joto na jasho ni la kila siku, na wapigaji wetu wengi wanapanda jukwaani na kanzu au shati jeupe. Ukimharibia mtu kanzu yake hatokumbuka maua yako.

Kingo zipige msasa, lowesha kidogo, sugua kwa kipande cha mti laini mpaka zing'ae, kisha nta ya nyuki. Bizimu ishone kwa uzi uliopakwa nta na uongeze ribiti. Ukichagua kimoja, chagua kushona.

JARIBIO LA NDOO

Hili ndo kubwa kwenye makala yote. Kabla mkanda haujatoka dukani, naufunga kwenye vifungo viwili vya gitaa nilivyovipigilia kwenye ubao. Nautundika, naning'iniza ndoo yenye lita 10 za maji. Hizo ni kilo 10 na ndoo juu yake, zaidi ya mara mbili ya gitaa zito. Unalala hivyo usiku mzima. Asubuhi naangalia tundu. Kama limebadilika umbo, nakata kichwa upya. Kama liko vile vile, nautikisa kwa mkono mara kadhaa kama mtu anayecheza, halafu ndo naufunga.

Na hapa nina siri ya mauzo. Nilipoweka picha ya ndoo imening'inia, niliona watu wanaoipiga gitaa wenyewe wakaanza kuniandikia. Picha za maua zilikuwa zinaleta "mashallah". Picha ya ndoo ikaleta "bei gani". Mnunuzi anayeijua bidhaa anatafuta kile anachokiogopa. Muonyeshe kwamba umekiona kabla yake. Kama unauza keki, onyesha ilivyokaa kwenye boksi baada ya safari. Kama unauza nguo, onyesha mshono wa ndani.

BEI NA SIKU

Namba hizi ni zangu, zako zitakuwa tofauti:

Ngozi 14,000. Uzi, nta, gundi na rangi 4,000. Bizimu na ribiti 2,500. Kifungashio 1,500. Jumla 22,000.

Mwanzo nilikuwa nawatajia watu 25,000, najiona nimepata. Kazi inachukua saa 9 za mikono. Kwa hiyo nilikuwa najilipa 3,000 kwa saa 9, kama shilingi 333 kwa saa. Siku hizi najilipa 3,000 kwa saa, ni 27,000. Ukijumlisha 49,000. Naongeza 11,000 za duka na za bahati mbaya, nauza 60,000. Wapo wanaosema ghali. Nawajibu kwa heshima kwamba nina mkanda wa kawaida usio na nakshi kwa bei ya chini, na tundu lake ni lile lile. Nakshi unaweza kupunguza, tundu hapana.

Kwa siku, saa 9 sio siku moja. Kuna kukauka, kuna rangi, kuna usiku wa ndoo. Mie nasema siku 7 na nachukua nusu ya hela mwanzo, kwa sababu chenye jina la mtu huwezi kumuuzia mwengine.

Na jua msimu wako. Hapa kwetu kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa 2002, kina wanafunzi na wazee wao wanaotafuta zawadi. Kuna tamasha la Sauti za Busara, lilianza 2004 na kwa kawaida ni mwezi wa pili. Ukitaka kuuza wakati huo, anza kukata ngozi mwezi wa kumi na mbili. Niliwahi kuletewa oda siku tatu kabla ya tamasha, dada wa watu anataka ampe mume wake. Nikamwambia ukweli, dada yangu, nikikubali nitakupa maua mabichi na tundu lisilolala na ndoo. Alikasirika kidogo. Mwezi uliofuata akarudi, akaagiza wa siku ya kuzaliwa.

KUFUNGA NA KUTUMA

Usifunge ngozi kwenye mfuko wa nailoni. Kwa unyevu wetu huu inaota ukungu kabla hata boti haijafika Dar. Kunja kwa duara pana, usiikunje katikati, weka kwenye kitambaa cha pamba halafu boksi. Ndani weka kikaratasi: mpasuko uelekee begani, usiuache juani, ukilowa ukaushe kivulini, angalia matundu kila baada ya miezi michache. Na namba yako ya simu, ili likitokea jambo akupigie wewe kabla hajaandika mtandaoni.

Mkanda wa pili wa mjomba nilimpa bila picha. Nilimwambia auvae mwezi mzima kwanza. Zile oda mbili nazo nikawaeleza wateja kilichotokea, mmoja akasubiri, mwengine akaomba hela yake, nikamrudishia. Mwezi ulipoisha nikaenda Nungwi kumwangalia. Alicheza usiku mzima, akainama, akazunguka, mkanda umetulia. Wakati wa kufunga vyombo nikaona ule mkanda wa begi bado umo kwenye mfuko wa gitaa. Nikamuuliza, mjomba, bado huniamini? Akacheka, akasema huu wa akiba tu.

Sikumbishia. Yeye ndo anayebeba gitaa.

Wewe unauza nini, na sehemu gani ya bidhaa yako ndo "tundu"? Ijaribu leo kabla hujapiga picha. Kama una swali la ngozi, uliza hapo chini, nitajibu nikishafunga duka.